Herufi Tatu Mpinini

Ijumaa, mnada wa mbuzi ukishamalizika Nizwa
na vumbi likirudi chini kushika adabu yake,
sisi wagonjwa wa visu hukutana
nyuma ya duka la Mundhir, muuza betri za saa.
Wanaume watano, na mimi Zuwena, mnoa visu vya mahoteli;
kahawa, tende, kitambaa cheusi mezani.
Kila mmoja hufunua alichokuja nacho
kama anayeonyesha mtoto mchanga.

Halafu vita huanza. Si vya makali. Vya majina.

"Laguiole," anasoma Dadkarimu,
la-gu-i-o-le, kama anayeshuka ngazi gizani.
Mundhir anafumba macho, yamemchoma:
"Layoli, ndugu yangu! Hiyo G uione, uipite."
Dadkarimu anamgeuza nyuki wa chuma kwenye mwanga.
"Basi waliiandika ya nini, kama hawaitaki?"
Hakuna aliyemjibu, mpaka leo.

Böker nayo: huyu Boka, huyu Beka,
yule anachongoa midomo kama anapoza chai.
Zile nukta mbili juu ya O
Kaisi alidhani kutu.
Alizisugua kwa siki usiku kucha.

Na vifupisho!
Kijana Tufaili haimalizi sentensi bila i-di-si,
i-di-si yangu, i-di-si yangu,
tukadhani amepata mchumba;
kumbe ni kisu cha kila siku, kile cha mfukoni.

Mimi hucheka, lakini kwa kipimo.
Nilifika nchi hii na miaka kumi na mmoja
kutoka Bujumbura, Kiswahili kimenijaa mdomo.
Mwalimu akanisimamisha: sema khanjar.
Hanjari.
Sema tena.
Hanjari.
Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia.
Ile kh niliitafuta kooni mwaka mzima,
nikiisukutua bafuni kwa maji ya chumvi,
na siku ilipotoka
hapakuwa na mtu wa kuisikia.

Ijumaa iliyopita nilileta changu.
Mpini umekunywa mafuta ya miaka,
bapa limeliwa na jiwe likabaki ulimi,
na herufi tatu, nyeusi: B.S.K.
Mundhir akavaa kioo chake cha jicho.
"Hiki si cha hivi hivi. Hii ni karakana ya Ujerumani,
iliyokufa zamani."
Kaisi akakataa: S ni chuma, K ni kaboni,
B ataikumbuka.
Tufaili akapekua simu kwa vidole viwili.
Wakakiita Basaka, wakakiita Bisiki,
mmoja akataja bei, mwingine akaipandisha,
kahawa ikapoa.
Nami nikawaacha. Dhambi nyingine ni tamu.

Kisha nikasema:
Biubwa binti Sleyumu, Kiyumi.
Mama yangu.
Alizichoma kwa msumari wa moto
kisu kisipotee kwenye shughuli za watu.
Sufuria hurudi, alikuwa akisema,
mbuzi ya nazi hurudi,
lakini kisu kizuri kikishaonja vitunguu vya jirani
husahau njia ya kwao.

Kimya. Mundhir akavua kile kioo.
"Biyuba," akajaribu.
Sivyo.
"Bibuwa."
Bi-u-bwa, nikamwambia. Bwa! kwa mara moja,
kama jiwe likitumbukia falajini.
Akajipanga, akameza mate,
mtu mzima mwenye Kifaransa na Kijerumani mfukoni,
jasho likamtoka kwa jina la mwanamke
aliyemenya viazi maisha yake yote.
Mara ya nne likatoka. Nusu.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nilicheka mpaka meza ikalia.

Dadkarimu akanyoosha kidole kwenye karatasi
nilipomwandikia jina lote.
"Na hii U hapa katikati,
tuione, tuipite?"

Hata, nikasema.
Kwetu herufi ikialikwa, hula.