Wiki ya Joto, Mwezi wa Pili

Baba hakupoteza ngano kwa baridi.
"Andika sawasawa, Helve," aliniambia.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, Januari nzima,
na mche ulikuwa hai chini ya theluji,
kijani, umejikunyata kama mtoto aliyejifunika gubigubi.

Kilichoua ni zile siku sita za Februari,
jua la uongo juu ya Jõgeva,
theluji ikichuruzika mitaroni,
na mche ukavua koti.
Usiku wa saba barafu ilirudi. Haikubisha hodi.

Sasa niko maabara, chumba cha nyuzi nne,
soksi mbilimbili, nahesabu trei.
Hapa ndipo mche unapofundwa,
si kwa barafu, bali kwa ubaridi mdogo, siku baada ya siku.
Utando wa seli hukakamaa kwanza,
kalsiamu ikapenya ndani kama mbiu ya mgambo,
jeni moja ikaamka, ikaigonga ya pili,
ya pili ikaamsha ukoo mzima:
huyu alete sukari,
huyu alainishe utando,
huyu aishike chembe ya barafu kabla haijawa kisu.

Namna ya kuamsha tunaijua, nimejaza madaftari.
Lakini nani huwaambia walinzi, "Haya, kalaleni"?
Na kwa ushahidi gani?

Arobaini na moja niliipasha joto siku sita
pamoja na wenzake.
Wenzake walilegea, wakarefuka, wakajisahau.
Yeye, taa zikimbembeleza,
jeni zake ziliendelea kunong'ona: baridi, baridi, bado baridi.
Usiku wa saba nikawarudisha wote kwenye barafu.
Asubuhi majani yake yalikuwa makaratasi.
Nikapasua kitako cha shina kwa wembe:
cheupe, kigumu, kinatoa maji.

Miche yake miwili iliyobaki nikampelekea baba
ndani ya kopo la mtindi.
Hakuuliza ni jeni gani.
Alifukua udongo kwa kidole gumba,
akagusa shingo ya mche, akanusa kidole.
"Mbishi huyu. Kama marehemu mama yako."
Kisha, kwa sauti ya mkulima: "Na mavuno?"

Kidogo, nikasema.
Anayechelewa kuyaamini machipuko
huchelewa pia kukua.

Alinyamaza.
Akalifuta kopo kwa pindo la shati,
akaliweka dirishani,
upande usiopata jua.