Kielelezo cha Nne

Niliandika kurasa tatu juu ya chumvi
inavyopanda bonde la mpunga la Ndagoni.
Msimamizi kazirudisha kutoka Tunguu, wino mwekundu pembeni:
"Maneno mengi. Chora."

Nikachora. Miezi chini, chumvi ubavuni,
mstari wa buluu ukapanda
kama bei ya sukari Shaabani ikielekea kwisha.
Hapo ndipo nikakiona nilichokuwa nikikisema.

Lakini Machi mstari umekatika.
Nafasi nyeupe, upana wa ukucha.
Kompyuta ilikuwa tayari kuiziba: bonyeza hapa,
nukta ya Februari ishikane mkono na ya Aprili.
Nani angejua?

Mize Faki, mpimaji wangu,
huteka maji ya bondeni kwa chupa ya dawa ya kikohozi,
huandika tarakimu nyuma ya daftari la hesabu la mwanawe.
Machi daftari halikuandikwa.
Machi mwenye daftari alizikwa.

Nimeuacha mwanya wazi,
na chini ya mchoro, kwa herufi zile ndogo
ambazo wasomaji wenye haraka huziruka, nimetia:
"Machi: hakuna kipimo. Mpimaji alikuwa na msiba."

Msimamizi kauliza kama hiyo nayo ni sayansi.
Bado sijamjibu.

Mize nilipomwonesha ukurasa
hakuanza na maandishi.
Alipitisha kidole juu ya mstari, polepole,
Novemba, Disemba, Januari, Februari,
akafika kwenye mwanya, akakinyanyua,
akakishusha upande wa pili.