Bado

Pongwe, saa kumi na moja alfajiri,
kabla malori ya mawe hayajaanza kunguruma,
nafagia mita mia nne na mbili.
Nafagia kwa ufagio wa chuma, kisha wa makuti,
kisha kwa mashine ya kupuliza niliyoazima Chumbageni,
ambayo hukohoa kuliko inavyopuliza.
Vumbi la saruji halina adabu:
ukiligeuzia kisogo limeshatandika upya,
jeupe, laini, kama unga uliomwagwa na mtoto
anayejua hatapigwa.

Hapa palikuwa pa Mgiriki.
Kindege chake kilitua na mishahara ya wakata mkonge,
siku moja kikaondoka na Mgiriki mwenyewe, hakikurudi.
Mkonge ukaingia kwenye lami kwa miguu yake.
Bi Mwantumu Semhando alipanunua
kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe,
shemeji zake walicheka, kicheko kikafika Muheza:
mjane kanunua barabara isiyokwenda popote!

Aling'oa visiki kimoja kimoja. Akamwaga lami.
Akalaza zege pale pa kuondokea,
akalinywesha maji siku ishirini na nane, kama mche,
nami siku ya saba nilishataka tukate tiketi.
"Bado," akasema.
Ndilo neno lake kubwa. Mengine hulitumikia.

Watu wanadhani mbio ni injini.
Njoo uiname. Weka kiganja.
Mbio zote ziko hapa, kwenye unene wa ukucha:
mpira wa magurudumu ya mwaka jana na mwaka juzi,
uliopikwa kwa moshi, ukapakwa gundi, ukapikwa tena,
ukagandamana kama ukoko wa wali wa harusini.
Ukibanduka mahali pamoja, hata pa ukubwa wa sahani,
gurudumu moja linashika, la pili linateleza,
na gari linageuka kutazama lilikotoka.

Wahenga walisema ufa na ukuta.
Hawakuuona ufa wa mita ya mia na themanini,
upande wa kushoto,
na Altezza ya kijana wa Makorora ikiujia
kwa muda usiotosha kumaliza Bismillahi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu elfu na mia mbili.
Mishikaki imo motoni, magari ya Korogwe yanaunguruma.
Manyunyu yakaja kutoka Amboni, dakika nne tu,
yakaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.
Jua likawaka.
Nikasema, Mama, pamekauka.
Hakunijibu. Akaingia na ndala zake za bluu,
kila hatua akisikiliza.
Ndala ilinyanyuka bila kelele. Tena. Tena.
Nyepesi, tiifu, kama ya kwendea msalani.
"Bado. Rudisheni pesa."

Nilirudisha. Noti moja moja, na tusi juu ya kila noti.
Kijana wa Makorora alilipiga teke boksi la tiketi.
Mshahara wangu ulikuwa mle, niliuona ukigawiwa,
nami, sitaficha, nilimtukana Bi Mwantumu moyoni,
kwa Kibondei, ili liume zaidi.

Usiku tulipiga magoti, watu watano na tochi za simu,
tukakwangua uji wa saruji kwa visu vya jikoni,
tukachimba ufa mpaka ukaacha kuficha mchanga,
tukaujaza. Yeye alishika kopo la lami ya moto,
akitukemea kana kwamba tunamvisha bwana harusi.

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana,
akaingia tena. Hatua ya kwanza: kraap.
Ya pili: kraap.
Ya tatu, ndala ya kushoto ikagoma.
Alivuta. Mkanda ukachomoka.
Akaiacha palepale, akaenda mguu mmoja peku,
akirukaruka kwa moto wa lami kama msichana,
mpaka mita ya mia na themanini, juu ya kiraka,
akasimama hapo, akanitazama.
Nilisubiri lile neno. Halikuja.

Nikachukua bisibisi, nikaenda kuing'oa ndala,
ndipo nikafungua geti.