Wapangaji wa Mnara

Vingunguti, nyuma ya machinjio,
mwewe amejenga juu ya mnara wa simu:
vijiti, waya, kipande cha chandarua,
kandambili moja ya mtoto.
Chini yake, ndani ya takataka hizo hizo,
shomoro wamepanga vyumba.

Niliwahesabu alfajiri nikingoja utumbo uive:
jozi tatu, labda nne,
wanaingia na manyoya ya kuku midomoni
kama watu wanaohamia na magodoro.

Nikamwuliza Ngwanda, mlinzi wa mnara:
hawa hawazioni kucha zile?
Akacheka. "Mama Sikujua, kunguru hapandi hapa.
Tangu mwewe aje, yai la shomoro halijaibwa."

Kweli, kunguru wamejaa paa la bucha,
wanatukana tu, hawasogei.

Sasa huu ujirani sijui niuite nini.
Si urafiki.
Jumanne kinda mmoja alijaribu mabawa mapema;
kivuli kikapita juu ya sufuria yangu,
kikarudi juu kimeshika kitu kidogo.
Shomoro walinyamaza
muda wa kukata kitunguu kimoja.
Kisha wakaanza tena.

Jioni mwenye nyumba alikuja kudai kodi.
Nilimpa, na bakuli la supu juu yake.
Vibaka wa mtaa wetu hawagusi mlango wake,
wala wangu uliopakana nao.
Nilimsindikiza mpaka kona,
nikarudi,
nikatia komeo.