Uso wa Pili

Banda la Odile Hanquet liko nyuma ya kanisa, Stavelot,
na Novemba inamwaga mvua kama iliyolipwa kwa siku.
Magari mawili, jina moja, ubavu kwa ubavu:
la kwanza kijivu, boneti imedonolewa na kokoto,
la pili bluu, mdogo wake kwa miaka mitatu,
toleo lililopakwa wanja kiwandani,
taa zikakodolewa, bampa ikapanuliwa mdomo,
farasi ishirini wakaongezwa zizini.

Miezi minne nimelala na tarakimu hizi.
Mauricette, mke wangu, husema:
hata harusi yetu hukuipigia hesabu hivi.

Thibault, anayekula kwa kufungua injini, alinionya mapema:
la zamani mnyororo wake mwongo,
utakuchekea kilomita elfu tisini
kisha ukuache mlimani na moshi wako.
Na klachi yake, ewe goti langu la kushoto,
ngumu kama mlango wa benki.
Kipya kinyemi, nikajiambia,
nikaumeza ule msemo nusu,
kile kidonda cha mwisho nikakiacha nje.

Lakini mimi hupatanisha nyuzi za piano.
Mkate wangu uko masikioni.
Basi nikaomba: liwashe la zamani.
Likakohoa, likatulia, likashika sauti
chini kidogo ya fa, nzito, haina haya,
nikaisikia kwenye meno kabla ya sikio.
La bluu likanguruma vizuri zaidi.
Vizuri mno.
Nikainama chini ya dashibodi
na kukuta nusu ya ngurumo inatoka kwenye spika.

Nililipeleka juu hadi Francorchamps na kurudi.
Mwendo, upo. Breki, zinakushika kifuani.
Ila usukani ulikuwa kama kupeana mkono
na mtu asiyevua glavu.

Hapo nilikuwa nimekwisha kuamua.
Bahasha ilikuwa tayari imetoka mfukoni.
Nikaingia ndani ya la kijivu nikae nalo kidogo,
magoti yakagonga usukani.
Kiti kimesogezwa mbele hadi ukomo wa reli.

"Lilikuwa la marehemu," Odile alikuwa amesema,
na marehemu, pichani pale sebuleni,
ameinamishwa kichwa na fremu ya mlango.
Odile mwenyewe ananifika begani.
Kwenye mfuko wa mlango, risiti ya petroli,
Malmedy, Jumanne iliyopita, saa kumi na moja alfajiri.

Nilitazama juu.
Mkono wake ulikuwa juu ya paa, bapa,
kama unavyomtuliza ng'ombe anayekaribia kukamuliwa na mgeni.
"Barabara ikiwa tupu tu," akasema.
"Mwanangu anataka moja liondoke. Hajasema lipi."

Alizihesabu noti mara mbili
na tabasamu hakuweza kulificha.

Njiani nilizima spika.
Chini yake ilikuwepo sauti, nyembamba,
imepotoka kidogo upande wa juu,
na mimi kwa sauti za namna hiyo
nimeingia nyumba za watu miaka thelathini.
Waipa ya nyuma inalia. Hilo hawakulirekebisha.

Mauricette akapiga simu: umechukua lipi?
Nikapangusa kioo kwa kiganja.
Lile, nikasema, lisilo na mtu.