Jivu la Nini

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni,
Glenys Barraclough anausukuma mlango wa ukumbi kwa goti.
Mbao zimevimba kwa mvua ya Todmorden
na mikono yake imejaa: ndoo, birika,
mkoba wa brashi zilizoota vipara.
Kabla ya sanaa kuna viti vya kupanga.
Kabla ya viti kuna mita ya umeme inayodai sarafu.

Pauni nane kwa kichwa, chai humo humo.
Mzee Ormerod, dereva wa basi mstaafu,
hulipa mayai sita, yakiwa bado na uchafu wa kuku.
Glenys huyapokea kama noti,
huandika daftarini: Ormerod, mayai.
Mimi huja na sare ya kazi chini ya koti,
maana saa tatu naingia zamu
ya kuwageuza wazee vitandani.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Juni, jua halijazama.
Aliniuliza kile kilima dirishani kina rangi gani.
Kijivu, nikasema, kwa lugha yangu, kwa kusahau.
Akataka kujua neno hilo limetoka wapi.
Nikamweleza: kwetu rangi nyingi ni vitu.
Kijani ni jani, zambarau ni tunda,
kahawia imetoka kikombeni,
na kijivu ni jivu, basi.
Akachovya brashi, akaitikisa.
"Jivu la nini?"

Mama alisugulia masufuria jivu la vifuu,
jeupe, jepesi, karibu na unga.
La mkaa lilikuwa na wekundu kwa ndani.
La karatasi lilipeperuka jeusi, likiwa bado na maandishi.
Nilikuwa nayajua haya yote
wala sikujua kwamba nayajua.

Jumatano ni mbwa.
Watu humletea picha za simu, mbwa waliokwisha kufa,
naye huwafufua kwa pauni sitini,
sikio hili wima, lile limelala.
Mama mmoja alirudisha wake: macho siyo.
Glenys akayachora upya mara tatu, bila nyongeza.
Mara ya tatu yule mama aliketi palepale ngazini
na fundi baiskeli wa chini akalazimika kumruka.
Alhamisi, milango ya watu. Ijumaa, kondoo wa kadi,
kondoo, kondoo, hadi anawaota.
Jumamosi ana meza sokoni, kando ya muuza jibini.
"Nzuri kweli," husema wapitao,
wakinunua jibini.

Nilipanda chumbani kwake mara moja tu,
kusaidia kumwaga ndoo chini ya dari linalovuja.
Picha zimeegemea ukuta, zimegeuziwa visogo.
Nikageuza moja: dirisha, mfereji, ukuta wa kiwanda kilichofungwa.
Nikageuza nyingine: dirisha, mfereji, ukuta.
Arobaini na ushei, kwa miaka kumi na mmoja,
hata moja haina bei.
"Ule ukuta sijaupata bado," alisema,
kama mtu aliyekosa basi la saa nne
na anajua lipo la saa nne na nusu.

Siku hizi kikombe anakishika kwa mikono miwili.
Wiki iliyopita mstari wa paa ulimtoroka.
Akampa brashi Rory, mtoto wa miaka kumi na minne
asiyesema na mtu:
"Chora wewe, mimi nitakuelekeza."
Sote tukainamia karatasi zetu kwa bidii ya ghafla.

Asubuhi, mwisho wa zamu, namgeuza Bi Edna
ubavu wa kushoto, aelekee dirishani.
Kilima kimerudi mahali pake.
Jivu la nini leo?
La vifuu, nadhani, lililomwagiwa maji kidogo.
Bi Edna anasema ni ukungu tu, nifunge pazia.

Sifungi.
Nadaiwa pauni nane za wiki jana.
Daftarini ameandika jina langu,
na mbele yake hakuandika kitu.