Uje na Kwao

Alifika Shume mwezi wa sita, na sweta la kuazima,
na mbegu kumi na moja pindoni mwa kanga ya bibi yake.
Bibi amezikwa Korogwe, kwenye joto.
Mtoto akaletwa kwa baba yake, mume wangu,
huku ambako maji ya kunawa yanang'ata vidole.

Nne tulizipanda siku ileile, nyuma ya choo,
jinsi kwetu Pangani maboga hujiotea jalalani
bila mtu kuyauliza hali.
Zikaoza. Nilifukua moja kwa kijiti:
laini kama ufizi, inanuka kisima.
Mtoto alitazama, hakusema kitu.
Akafunga tena pindo. Saba.

Mama Singano alicheka ng'ambo ya uzio:
"Ardhi ya huku sasa ina homa.
Mgonjwa hasukumiwi chakula.
Ngojeni, kisha boga mliamshie jikoni."

Tukangoja hadi mwezi wa nane.
Tukaokota pakiti za maziwa dukani kwa Shekiondo,
tukazitoboa vitako kwa msumari wa moto,
tukatia udongo mweusi wa chini ya miangati,
samadi ya mbuzi ya mwaka jana, mchanga kidogo.
Mbegu zililala usiku kucha katika kikombe cha maji vuguvugu.
Asubuhi tukazizika ubavuubavu,
kina cha pingili moja ya kidole,
tukazipanga uchagani, juu ya mafiga,
kando ya mahindi ya mbegu na moshi wake.

Mtoto naye akahamishia mkeka jikoni.
Usiku nilimsikia akipanda kigoda,
akizigusa pakiti moja moja
kama anayehesabu waliolala.
Mimi alikuwa bado ananiita "wewe".

Siku ya tisa udongo ukapasuka.
Shingo zilizopinda, maganda bado kichwani
kama watu waliotoka mvuani wakasahau kofia.
Sita. Ya saba ilikataa katakata.

Hatukuitupa nje ghafla.
Siku ya kwanza ilikaa uani muda wa chai kuchemka.
Siku ya tatu, muda wa wali.
Ilipofika muda wa maharage
majani yalikuwa yamekuwa magumu, yanakwaruza kiganja,
na jioni tuliirudisha ndani, yeye tatu, mimi tatu,
bila kugongana mlangoni.

Ukipenda boga, penda na ua lake:
nilimwagiwa maneno hayo siku nzima ya harusi,
kwa kuwa bwana alikuwa na mtoto.
Juu ya mzizi hakuna aliyenena.

Siku ya kuihamishia shambani nilikuwa na haraka.
Nikaushika mche kwa shingo, nikavuta.
Ukatoka uchi. Mizizi ilikatika kwa sauti ndogo,
kama uzi unaokatwa kwa meno.
Adhuhuri ulikuwa umelala chali.

Mtoto hakulia. Alichukua wembe,
akachana pakiti ya pili ubavuni, polepole,
akashusha shimoni bonge zima
na udongo wake, na harufu yake ya moshi.
Nilinyoosha mkono nisaidie.
"Usiukung'ute," aliniambia. "Uje na kwao."

Mitano tuliifunika kwa madumu ya mafuta
niliyoyakata vitako kwa kisu cha mkate.

Alfajiri ile jalidi ilishuka, nadhani ya mwisho.
Nyasi zilikuwa nyeupe, zinavunjika chini ya ndala,
na viazi vya Mama Singano vyote vimeungua.
Nilimkuta amekwisha kupiga magoti, peku,
dumu moja ameliinua upande, kiasi cha kupita mkono.

"Njoo," alisema. "Tia mkono humu."

Nikatia.
Ndani mlikuwa na Korogwe kidogo,
inatoka jasho.